Kompyuta ya lita tisa: SFF ni nini hasa

Ukimsikia mtu anasema kompyuta yake ni ya lita tisa, usidhani anazungumzia tangi. Anataja ukubwa wa kasha. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, kisha unagawanya kwa 1,000. Kasha la sentimita 33 kwa 20 kwa 15 linatoa lita 9.9. Lile kasha la kawaida kama mnara, linalosimama chini ya meza, hufika lita 40 hadi 50, yaani madumu mawili ya maji na ziada. SFF ni kifupi tu cha Kiingereza Small Form Factor, yaani "umbo dogo", na kwa mazoea mpaka wake ni lita 20. Wenye wazimu wa jambo hili wanaona hata 20 ni ukumbi wa harusi. Wao huanza kusikiliza ukifika kumi.

Lakini udogo peke yake si hoja. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, nyembamba kama kamusi, ambazo Kariakoo utazikuta zimepangwa rafu nzima, ni ndogo kuliko zote ninazozizungumzia hapa. Ndani yake mara nyingi mna prosesa ya wati 35 na hakuna mahali pa kuchomeka kadi kubwa ya grafiki. SFF wanayoisema mafundi wa kujiundia ni nyingine: vipuri vilevile vya kompyuta kubwa ya mezani, vyenye nguvu yake yote, na kila kimoja kinafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. Hapo ndipo inapoachana na laptopu pia. RTX 4090, kadi ya grafiki ya Nvidia, ya laptopu ina jina sawa na ile ya mezani, ila chipu ni ndogo zaidi na haivuki wati 175 au hapo karibu, wakati dada yake wa mezani anakula 450. Jina moja, wanyama wawili.

Msingi wa mchezo huu ni bodi, lile bamba ambalo vipuri vingine vyote huchomekwa. Bodi ya ATX, kipimo kilichowekwa na Intel mwaka 1995, ina sentimita 30.5 kwa 24.4. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwani ilitoa Mini-ITX, mraba wa sentimita 17. VIA walikuwa na prosesa zao zinazotumia umeme kidogo, na hawakuwa na mawazo ya michezo mizito. Wapenda vidogo wakaichukua na kuipeleka kusikotarajiwa. Unachopoteza ni nafasi: sehemu ya kadi ni moja tu, na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kawaida vijiti viwili. Pawa saplai nayo ina toleo lake dogo, SFX, sentimita 12.5 kwa 10 kwa 6.35, na siku hizi inapatikana ya wati 750 na zaidi.

Sasa vyote hivyo vinakaaje ndani? Chukua A4-SFX ya Dan Cases, kasha la Ujerumani la lita 7.2 ambalo wengi waliliiga. Katikati kuna kiambaza cha chuma. Bodi iko upande mmoja, kadi upande wa pili, zimepeana mgongo kama wanandoa waliogombana. Kinachozipatanisha ni utepe mpana wa nyaya unaopita chini ya kiambaza na kuipeleka kadi kule nyuma. Kila moja ina ubavu wake wenye matundu, kwa hiyo feni ya kadi inavuta hewa ya chumbani moja kwa moja, haisubiri hewa izunguke kasha zima. Lakini kipozeo cha prosesa hakiruhusiwi kuzidi milimita 48 kwenda juu, na kadi isizidi milimita 295 kwa urefu. Milimita mbili za ziada hazisukumwi wala hazibembelezwi.

Ndiyo maana ununuzi unakwenda kinyumenyume. Kwenye mnara unachagua prosesa na kadi, kasha linakuja mwisho. Huku kasha ndilo la kwanza, kisha unasoma namba zake, kisha unatafuta vipuri vinavyokubaliana nazo. Na gharama inapanda: bodi ndogo, pawa saplai ndogo na utepe mzuri, vyote ni bei juu. Kama kompyuta yako haitaondoka hapo ilipo, sioni sababu ya kuingia humu. Anayefaidi ni anayehamahama, au mwenye chumba kimoja ambamo meza ya kazi ndiyo meza ya chakula.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo watu huumia. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Kadi ya wati 450 na prosesa ya wati 100 ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, umeifungia kwenye boksi la viatu. Majaribio mengi unayoyasoma yamefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 21. Dar mwezi wa pili chumba kina nyuzi 31, basi kwenye kila kipimo cha joto wewe ongeza kumi. Dawa isiyo na gharama ni kupunguza volti. Chipu hutoka kiwandani na volti ya tahadhari, ili hata iliyo dhaifu kuliko wenzake ifanye kazi. Njia rahisi ya kufika huko: ishushie kadi kikomo cha umeme hadi asilimia 70, na kwenye RTX 4090 unapoteza asilimia chache tu za kasi. Prosesa nyingi za Ryzen, za kampuni ya AMD, zina hali ya kubana matumizi ndani ya BIOS, ile mipangilio ya bodi unayoifungua kompyuta inapowaka, unaiwasha unaendelea na maisha.

Yangu ya kwanza haikunipa taabu ya joto. Nilifunga kila kitu, nikafunga ubavu, nikawasha: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nikatoa RAM, nikarudisha, nikabadilisha vijiti mahali, saa mbili nzima nikiilaumu RAM isiyo na kosa. Mwishowe nikachomeka waya wa skrini kwenye bodi yenyewe, kwa bahati prosesa ilikuwa na grafiki yake, na picha ikaja. Kumbe utepe uliokuja na kasha ulikuwa wa PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya mawasiliano kati ya bodi na kadi, na kila toleo lina kasi yake), kadi ni ya 4.0, na bodi ilikuwa inajaribu kuzungumza kwa kasi ambayo utepe haukuiweza. Kwenye BIOS pale palipoandikwa Auto nikaweka Gen 3. Kadi ikaamka. Tofauti ya kasi kwenye michezo, kwa macho yangu, sijaiona hadi leo.