Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi

"Zima swichi, panda ngazi, funga taa." Ushauri huu umerithishwa miaka mingi, na katika nyumba za zamani ndio unaofanya watu wapigwe shoti.

Swichi hukata waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye balbu. Katika nyumba nyingi za zamani umeme hufika kwanza darini, ndipo ukashuka hadi kwenye swichi na kupanda tena. Fungua kile kikombe kinachoshikilia taa utakuta nyaya zimejazana, na baadhi zina moto, yaani umeme, muda wote, swichi iwe imezimwa au la. Kuna pia mafundi waliofunga swichi kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme). Hapo taa inazimika vizuri kabisa, ila holda ya balbu bado ina moto.

Rangi nazo zisikudanganye. Uingereza, kabla ya rangi mpya za mwaka 2004, waya mweusi ulikuwa nyutro; Marekani mweusi ndio wenye moto. Na hata huko Uingereza, mweusi unaorudi darini kutoka kwenye swichi huwa na moto taa ikiwaka. Ilipasa uzungushiwe tepu nyekundu, lakini nani alikumbuka?

Zima meni swichi, ile kuu inayokata umeme wa nyumba nzima, kisha pima kila waya kwa testa uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme, maana testa mbovu huonyesha kila kitu ni salama. Mpira wa waya ukimeguka unapoukunja, usiendelee, mwite fundi.