Neno moja lililoachwa nje ya katiba ya Marekani

Kila mwaka nikifundisha historia ya katiba ya Marekani lazima atokee mwanafunzi wa kuuliza, mwalimu, hivi hawa jamaa si walikuwa nchi moja toka mwanzo, sasa ugomvi wa majimbo na serikali kuu ulitoka wapi? Huwa nageuka naandika ubaoni neno moja tu: waziwazi.

Iko hivi. Wakiwa bado vitani na Mwingereza waliandika mkataba wa muungano mwaka 1777, ukaja kukubaliwa na majimbo yote 1781. Kifungu cha 2 kilisema kila jimbo linabaki na mamlaka yote ambayo hayajakabidhiwa waziwazi kwa Kongresi, yaani bunge la muungano. Kifungu hicho alikipigania Thomas Burke wa North Carolina, aliona rasimu ya mwanzo inayameza majimbo. Basi Kongresi ikawa kama kamati ya harusi, inapiga hesabu ya madeni ya vita, inapangia kila jimbo mchango wake, inatuma barua, halafu inakaa kusubiri maana nguvu ya kumkamata mtu haina. Walitaka ushuru wa asilimia 5 kwenye mizigo inayoingia kutoka nje, mwaka 1782 Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, ikagoma, na kwa vile kubadili mkataba kulihitaji majimbo yote 13 ushuru ukafia hapo.

Philadelphia 1787 wakaandika katiba mpya, safari hii Kongresi inatoza kodi yenyewe. Wapinzani wakadai kinga, ndo 1789 James Madison, mbunge wa Virginia, akaleta marekebisho, na lile la 10 likasema mamlaka ambayo hayajakabidhiwa kwa Muungano, wala majimbo hayajakatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Soma tena taratibu. Waziwazi haimo!

Na wala sio kwamba walisahau. Mwezi wa 8 mwaka huo Thomas Tudor Tucker, daktari na mbunge wa South Carolina, alisimama akaomba lirudishwe. Madison akakataa, hoja yake ni kwamba huwezi kuibana serikali kwenye yale yaliyotajwa tu, labda katiba iorodheshe kila kitu mpaka vidogo kabisa. Siku chache baadae mbunge mwenzao Elbridge Gerry akajaribu tena, kura 17 kwa 32, akashindwa.

Hapa ndo huwa nawaambia wanafunzi msimwamini sana mwanasiasa, maana 1791 wazo la benki ya taifa la waziri wa fedha Alexander Hamilton lilipojadiliwa bungeni ni Madison huyohuyo aliyesimama kupinga, eti katiba haijasema habari za benki, halafu 1816 akiwa rais akasaini mwenyewe sheria ya benki ya pili ya taifa.

Maryland hawakuipenda hiyo benki. 1818 wakatunga sheria kwamba benki isiyosajiliwa na jimbo lao itoe noti kwenye karatasi yenye stempu ya jimbo, yaani inunue karatasi kwao, au ilipe dola 15,000 kwa mwaka. James McCulloch, keshia wa tawi la Baltimore, akaendelea kutoa noti bila stempu, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Upande wa jimbo alikuwepo Luther Martin, mzee aliyekuwa ndani ya mkutano wa 1787 akaondoka kwa hasira kabla haujaisha. Jaji Mkuu John Marshall akasoma hukumu 1819, majaji wote pamoja: benki ni halali, na jimbo halina haki ya kuitoza kodi maana anayeweza kukutoza kodi anaweza kukuua. Na hoja yake moja nzito ni ileile, kwamba mkataba wa zamani ulikuwa na waziwazi, marekebisho ya 10 hayana.

Tucker alikuwa bado hai hukumu hiyo inasomwa. Alikuwa Washington, mweka hazina wa serikali kuu, kazi aliyopewa na rais Thomas Jefferson 1801 na akaishika mpaka anakufa 1828.