Hoteli Bila Kiyoyozi: Ulizia Usiku Kabla ya Kulipa

Sisi wa afya ya mazingira, kila majira ya joto yanapokaribia hatukosi swali hili: nimepata hoteli katikati ya jiji, bei yake nafuu, ila haina kiyoyozi, nichukue? Nami huuliza: usiku chumba hicho kinapoa?

Mchana hautakusumbua sana. Utakuwa matembezini, utatafuta kivuli, utakunywa maji. Kazi iko usiku. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, karibu nyuzi moja, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa ya viganja na nyayo. Chumba kikiwa na hewa ya moto iliyosimama, joto hilo halina pa kwenda. Unagaragara, unageuza mto, unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na moyo nao haukupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi joto 32 mchana na 24 usiku. Watu wengi hukumbuka namba ya kwanza. Mimi naishika ya pili.

Kwa hiyo ukisoma utabiri wa hali ya hewa, usiishie kwenye ile namba kubwa ya mchana. Tazama ya chini, ya alfajiri. Jiji ambalo mchana lina 34 na usiku linashuka hadi 18 linalalika bila kiyoyozi. Lenye 31 mchana na 25 usiku litakutesa. Na namba hizo mara nyingi hupimwa sehemu ya wazi, pengine uwanja wa ndege, huku hoteli yako imebanwa kati ya majengo. Mawe, matofali na lami hunywa jua kutwa na kulitema usiku. Mwingereza Luke Howard alilipima jambo hili London zaidi ya miaka 200 iliyopita, akakuta usiku wa mjini una joto kuliko wa mashambani. Leo tofauti hiyo inaweza kufika nyuzi kadhaa.

Sasa chumba chenyewe. Kama ningeruhusiwa ushauri mmoja tu, ningesema: usikubali ghorofa ya mwisho juu. Chicago, Julai 1995, joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700, na wachunguzi walipolinganisha waliokufa na waliopona, kuishi ghorofa ya juu kabisa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, na kulala chini ya paa kukaonekana tena kuwa hatari. Paris majengo mengi ya zamani yameezekwa kwa mabati ya zinki, na vile vyumba vidogo vya darini, vyenye dirisha la paani, ndivyo vinavyopendeza mno kwenye picha. Ukiona dari ya chumba imelala mshazari, ujue uko chini ya bati.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, na utaalamu wangu wote. Nilipewa chumba cha juu kabisa, nikafurahia mandhari. Saa nne usiku nikaegemea ukuta, nikaruka: ulikuwa na uvuguvugu wa sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Hewa ya nje ilikuwa imeshapoa, ukuta ndio kwanza unarudisha jua la alasiri. Nililala kwenye vigae vya bafuni.

Ghorofa ya chini kabisa huwa na ubaridi wake, lakini nani atalala dirisha wazi kando ya njia? Ya pili au ya tatu ndiyo yenye nafuu.

Kisha uliza dirisha linatazama wapi. Katika nchi za kaskazini, jua la adhuhuri wakati wa kiangazi huwa juu sana, hivyo ukuta wa kusini hupigwa kwa mshazari tu. Ukuta wa magharibi ndio wenye balaa: jua linashuka, linaingia moja kwa moja hadi kitandani, na ni saa zile hewa imeshachemka. Aliyekulia karibu na Ikweta amezoea jua kuzama saa kumi na mbili jioni. Paris, mwishoni mwa Juni, linazama karibu saa nne usiku. Hesabu saa ambazo chumba cha magharibi kinapikwa. Cha kaskazini ni kizuri kuliko vyote, cha mashariki kinavumilika, kwa kuwa jua lake ni la asubuhi na utakuwa umeshatoka.

Pazia, hata zito, halitoshi. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia ndani, na pazia linabaki kujipasha moto lenyewe. Kinachofaa ni kizuizi cha nje ya kioo: zile mbao za vibao zinazofungwa nje ya dirisha, au turubai la kivuli juu yake. Picha za hoteli zilizopigwa kutoka barabarani huonyesha kama vipo. Kuza picha utazame.

Dirisha kufunguka ni habari nyingine. Hoteli nyingi huweka kizuizi ili watoto wasianguke, na dirisha linafunguka kwa upana wa kiganja tu. Sipingi kizuizi hicho, kinaokoa maisha, ila hewa inayopita pale ni ya kubahatisha. Chumba cha pembeni chenye madirisha pande mbili ni bahati, maana upepo unaingia huku na kutokea kule. Chumba kinachotazama ua wa ndani kina utulivu, lakini hakikisha ua huo haukujaa mashine za viyoyozi vya majirani, kwani zote zinatapika joto lao humo humo. Na kelele nazo zihesabu: dirisha lililo juu ya baa utalifunga kabla ya saa sita usiku, na ukilifunga umepoteza hewa uliyoitegemea.

Feni haipoozi hewa, inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Hivyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kupoteza umeme. Hewa ikizidi nyuzi joto 40, feni inakupulizia moto tu. Chini ya hapo ni msaada mkubwa, hasa ukijilowesha maji kidogo. Panga boi la darini ni bora kuliko kifeni cha mezani.

Ukipiga simu mapokezi, usiulize kama kuna joto. Utajibiwa, “Hapana, karibu sana.” Uliza mambo yasiyo na pa kukwepea:

“Habari za kazi. Chumba hicho kiko ghorofa ya ngapi, na juu yake kuna nini?”

“Ya tano. Juu ni paa.”

“Dirisha linafunguka lote?”

“Linafunguka… nusu.”

“Feni imo chumbani au ni ya kuombwa?”

“Tunazo tatu, za wanaowahi.”

Hapo umeshapata jibu, tena kwa dakika moja. Na tovuti ikiandika kuwa kiyoyozi kipo, uliza kama ni cha chumbani au cha ukumbini.

Kuna watu ambao nitawaambia wazi walipie kiyoyozi, hata kama watapunguza siku za safari: mwenye umri mkubwa, mwenye mtoto mchanga, mjamzito, mgonjwa wa moyo au figo, na anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Zungumza na daktari kabla ya kuondoka. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Anayetumia insulini aulize jokofu: chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyo kwenye matumizi kwa kawaida haitakiwi kuzidi nyuzi 25 au 30, kulingana na aina yake. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa huku mwili unachoma, hilo ni jambo la dharura. Piga simu ya dharura, namba 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, na wakati unasubiri mlowe maji na umpepee.

Ukifika, usifungue begi kwanza. Weka kiganja ukutani, kisha darini kama unafikia. Fungua dirisha uone linakwenda mpaka wapi. Washa feni. Chumba kikikutia shaka, shuka mapokezi saa ile ile uombe kingine, kabla wageni wa jioni hawajafika na funguo zote hazijaondoka ubaoni.