Kazi Bila Malipo: Maana Yake Kisheria

Kazi bila malipo ni kazi ambayo mtu ameifanya kwa faida ya mwajiri, kwa agizo lake au kwa kujua kwake, kisha asilipwe. Wengi wakisikia hivyo humfikiria aliyemaliza mwezi mzima bila mshahara. Huyo yumo, lakini wapo wanaodai bila wenyewe kujua: anayefika nusu saa kabla ya zamu kuandaa mitambo, anayebaki kufunga hesabu muda wake ukiwa umekwisha, anayemalizia ripoti nyumbani usiku. Nusu saa ni ndogo ukiitazama peke yake. Kwa siku 22 za kazi ni saa 11, zaidi ya siku nzima ya kazi.

Hapo ndipo mwajiri husema, “Mimi sikukutuma.” Kwa sheria nyingi jibu hilo halitoshi. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, kwa mfano, inafasiri kuajiri kuwa ni pamoja na kumwacha au kumruhusu mtu afanye kazi. Bosi aliyekuona unafanya, akanyamaza na kupokea matunda yake, amekuajiri kwa saa hizo pia. Hata hivyo mpaka wa “kazi” bado unagombaniwa. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo iliamua kwamba sheria ya shirikisho haikulazimisha wafanyakazi wa ghala walipwe kwa muda wa kusubiri kupekuliwa baada ya zamu. Kwangu mimi, mtu asiyeruhusiwa kuondoka bado yuko kazini.

Kujitolea ni jambo jingine, mradi kuwe kujitolea kweli. Mtu anayetoa muda wake kwa hiari kwenye shughuli ya hisani hadai ujira. Lakini jina peke yake haliondoi haki. Ukimwita kijana “mwanafunzi wa vitendo”, kisha ukampa zamu kamili, ukamtaka aombe ruhusa ya kutoka na ukamtumia kujaza pengo la mwajiriwa, swali la kuuliza ni nani anayefaidika zaidi: yeye kwa kujifunza, au wewe kwa kazi yake? Kipindi cha majaribio nacho, katika nchi nyingi, hulipwa kama kazi nyingine. Na pale penye kima cha chini cha mshahara, kwa kawaida saini ya mfanyakazi kwamba amekubali chini ya hapo haina nguvu. Sheria inajua kwamba mwenye njaa hutia saini chochote.

Likizo bila malipo haihusiki hapa, kwa kuwa kazi haikufanyika.

Mshahara uliocheleweshwa unahusika sana. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe ujira unalipwa kwa vipindi vya kawaida, na ajira ikikoma hesabu zifungwe ndani ya muda unaofaa. Kampuni ikifilisika, wafanyakazi huhesabiwa kuwa wadai wenye kipaumbele. Mkataba huo unakataza pia kukata ujira ili kumlipa mwajiri au wakala kwa ajili ya kupata au kubaki na kazi. Ujira ukizuiliwa makusudi ili mtu asithubutu kuondoka, jambo linaanza kuwa zito zaidi. Kuzuia mishahara ni mojawapo ya dalili ambazo shirika hilo huzitumia kutambua kazi ya kulazimishwa, iliyopigwa vita tangu mkataba wake namba 29 wa mwaka 1930.

Madai mengi huangukia kwenye ushahidi. Mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba waajiri lazima wawe na mfumo wa kuaminika wa kupima saa za kila siku, maana bila kumbukumbu mfanyakazi hawezi kuthibitisha alichofanya. Pasipo na mfumo huo, daftari lako linaweza kukusaidia: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, aliyekuagiza, na ujumbe wa simu usiofutwa. Lianze leo, kwa sababu madai ya ujira yana ukomo wa muda, na katika nchi nyingine ukomo huo ni wa miezi michache tu.