Kamera chini, pangaboi juu

Filamu yangu ya kwanza niliipiga sebuleni kwa shangazi, Sinza. Baba mwenye nyumba anamfokea mpangaji, nami nikaiteremsha kamera karibu na sakafu, maana nilifundishwa hivyo: ukimpiga mtu kutoka chini anaonekana mkubwa, kutoka juu anaonekana mnyonge. Siku ya kuionyesha, watu walicheka. Juu ya kichwa cha baba mwenye nyumba pangaboi lilikuwa linazunguka, utadhani helikopta inataka kuruka naye.

Kanuni ile si ya uongo. Ila inasahau kwamba kamera ikishuka huja na dari.

Mwongozaji Orson Welles alilijua hilo. Katika filamu yake Citizen Kane (1941), yeye na mpiga picha Gregg Toland walitandaza kitambaa juu ya seti kiwe dari, wakati seti za studio kwa kawaida ziliachwa wazi juu kwa ajili ya taa. Mtazame Kane, mhusika mkuu, akiwa na rafiki yake Leland baada ya kushindwa uchaguzi. Sakafu ilichimbwa ili kamera ishuke zaidi. Kwa kanuni ya darasani hapo Kane ni mbabe. Kwa macho yangu ni jitu lililokosa pa kwenda, dari imelikalia kichwani.

Lakini filamu ninayowarudishia wanafunzi kila mara ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957), iliyopigwa na Boris Kaufman. Karibu yote imo ndani ya chumba kimoja: wanaume 12 wa baraza la mahakama wanaamua iwapo kijana amemuua baba yake. Theluthi ya kwanza Lumet aliiweka kamera juu ya usawa wa macho, ya pili sawa na macho, ya mwisho chini yake, na dari ikaanza kuonekana. Lenzi nazo zilirefuka, yaani zikaona eneo jembamba zaidi: alianza na za milimita 28 hadi 40, akaenda 50, 75, mpaka 100.

Hapa wengi huteleza. Husema lenzi ndefu yenyewe ndiyo inayovuta ukuta wa nyuma karibu na mtu. Kinachofanya kazi ni umbali. Ukitaka uso ubaki na ukubwa uleule kwenye fremu, lenzi ya 100 inakulazimisha kurudi nyuma zaidi ya mara tatu ya pale uliposimama na ya 28. Jaribu kwa simu: msimamishe mtu hatua moja mbele ya mlango, mpige ukiwa karibu, kisha rudi hatua sita na uvute zumu mpaka uso ulingane na wa kwanza. Mlango utakuwa umemfuata mgongoni.

Mtazamaji wa Lumet hahesabu milimita. Anachojua ni kwamba chumba kinabana. Engo ya chini pale haimpi yeyote ubabe, inawafungia wote. Kisha wanatoka nje ya mahakama, na Lumet anachukua lenzi pana kuliko zote zilizotangulia, anaipandisha kamera juu kabisa, nawe unajikuta umeshusha pumzi.

Siku hizi nikiingia sebule ya watu, kabla sijafungua begi natazama juu. Kwa shangazi ningeiacha kamera usawa wa macho, nimsogeze mpangaji mpaka mgongo uguse ukuta, nirudi na lenzi ndefu hadi mlangoni. Na pangaboi ningelizima.