Wakili Anayetaka Kuwa Mtafiti Mgeni Aende na Swali Lake

Mawakili wa Kisumu wanaotujia kuulizia nafasi za mtafiti mgeni huanza na malipo. Tuseme wazi: nyingi hazina mshahara. Mwenyeji, yaani chuo au kituo cha utafiti kinachokupokea, hukupa dawati, maktaba na wenzako wa kujadiliana nao. Nauli, viza na malazi mara nyingi ni juu yako au ya mfadhili mwingine. Wala si shahada; hutarudi na joho.

Kinachompa mwombaji nafasi ni swali lake, na hapa ndipo wengi hukwama. Wanaandika kwamba watachunguza "utawala wa sheria nchini Kenya". Ni bahari hiyo! Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja miongoni mwa maadili ya taifa, lakini miezi mitatu ya ugenini haitoshi kuumaliza.

Chota kisimani mwako. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inataka dai, ambalo sasa halizidi shilingi milioni 1, lisikizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa. Hukumu ikitolewa siku ya 75 je? Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: wengine wameibatilisha, wengine wameiacha isimame. Mama muuza samaki wa Dunga aliyeshinda dai lake anaweza kuupoteza ushindi huo kwa ucheleweshaji usiokuwa wake. Jambo hilo linaniuma, na ndilo swali la utafiti.

Sasa lifikishe ugenini. Mwaka 2006 jaji wa Uingereza, Tom Bingham, alitoa mhadhara Cambridge akiufafanua utawala wa sheria kwa kanuni nane. Mojawapo yataka migogoro ya madai itatuliwe bila gharama za kumshinda mtu wala kuchelewa kupita kiasi. Kituo cha London chenye jina lake hufanya utafiti wa mambo haya haya. Muda uliowekwa kumlinda mdai ukigeuka kumwangusha, kanuni hiyo inasemaje?

Ukitaka kuwahoji wadai hapa nchini, pata kwanza leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na kabla ya kusafiri, mkabidhi wakili mwenzako faili zako, kila mteja ajulishwe kwa maandishi ni nani atakayesimama kesi yake itakapotajwa.