Upinde wa mti na kihema cha kuotea: yanayosemwa kando ya Ziwa Victoria na yalivyo kweli

Mazungumzo ya upinde hapa Mwanza huenda njia mbili. Wazee wanawakumbuka Sungusungu wa miaka ya 1980, waliokesha na pinde na mishale wakiwasaka wezi wa ng'ombe. Vijana wameona kwenye simu video za Marekani: mtu amekaa kitini ndani ya kihema cha kukunja, mnyama anapita mbele ya dirisha, mshale unatoka, kazi imekwisha. Kumbukumbu za wazee zikichanganyika na video hizo hutoka mambo mengi yasiyo ya kweli. Baadhi yake yanaweza kumfikisha mtu jela, au kumwacha mnyama akifa polepole vichakani na mshale tumboni.

Sisi tunaolenga shabaha za nyasi huku Ilemela tunaupenda upinde wa mti, ule usio na magurudumu wala darubini. Kwa sababu hiyo mambo yake yananiuma yakisemwa ovyo. Kihema kinampa mpigaji kitu kimoja tu, nacho ni ukaribu. Nguvu ya upinde inabaki ileile, harufu ya mtu haiishi, na sheria haibadiliki.

"Upinde si bunduki, kibali cha nini?"

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni kwa anayewinda, awe ameshika bunduki au upinde. Swala pala aliyeuawa kwa mshale bila leseni ni nyara ya serikali sawasawa na aliyeuawa kwa risasi, na kesi za nyara huingia kwenye uhujumu uchumi, ambako kifungo kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Kuwa na upinde nyumbani na kulenga shabaha si kosa. Kuingia nao hifadhini au kwenye pori la akiba bila ruhusa ni kosa, hata kama kamba haijavutwa.

Kanda yetu imezungukwa na maeneo ya namna hiyo. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kina kilomita za mraba 2.18 tu na kiko ndani ya jiji lenyewe. Rubondo, kule Geita, ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Ukienda Musoma unapita lango la Ndabaka, ambako Serengeti inakaribia kabisa ziwa. Katika hifadhi za taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Mapori ya akiba kama Maswa yako chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, na yana taratibu zake. Mwenye nia aanzie huko, au kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, na aulize waziwazi: mnyama gani, eneo gani, na je, kibali hicho kinaruhusu upinde, na kinaruhusu kuotea ndani ya kihema? Mwenye kibali cha bunduki asijipe mwenyewe ruhusa ya upinde.

"Kujificha ni mambo ya Wazungu, mababu walifuata nyayo"

Nyayo walifuata, na kuotea waliotea. Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao hadi leo wapo wanaoishi kwa upinde, hufanya yote mawili. Mchana mwanamume huenda peke yake akitembea kimya. Kiangazi kikikaza na maji yakabaki vidimbwi vichache, hukaa usiku kwenye maficho karibu na maji, wakingoja wanyama waje kunywa. Usiku huo hawaendi mmojammoja. Huenda wawili, kwa sababu simba naye anayajua hayo maji. Hapa kwetu Usukumani mkulima aliyekesha kwenye dungu akilinda mtama anaijua kazi hiyo pia, ingawa yeye alilinda shamba.

Hata wageni wanaosifiwa kwa kuufufua uwindaji wa upinde walifundishwa na wenyeji. Daktari Saxton Pope wa California aliujifunza kwa Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyejitokeza mwaka 1911 akiwa wa mwisho wa watu wake. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja hapa Tanganyika kuwajaribu simba kwa pinde za mti. Waliwaua kwa mishale, ndiyo, lakini pembeni yao walisimama wenzao wenye bunduki. Sehemu hiyo ya bunduki husahaulika hadithi inaposimuliwa.

Kipya kwenye kihema cha leo ni kwamba kinakunjwa na kubebwa mgongoni. Vijiti vyake hufyatuka vikakisimamisha kwa dakika moja au mbili.

"Ukiwa ndani, mnyama hakusikii harufu"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na kwa mtu wa kando ya ziwa halina udhuru, kwa sababu upepo wa ziwa tunaishi nao kila siku.

Kitambaa hupunguza kidogo mtawanyiko wa harufu, basi. Madirisha yako wazi, hewa inaingia na kutoka, na mtu aliyekaa saa nne ndani ya hema lenye joto anatoa jasho kuliko aliyekaa kivulini nje. Pua ya mnyama kama kuro au tohe haihitaji harufu nyingi.

Sasa tazama upepo wenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa upesi, maji yanabaki na uvuguvugu, na upepo mwepesi unatoka bara kwenda ziwani. Kati ya nyakati hizo mbili upepo hufa kwanza, kisha hugeuka. Wavuvi wa dagaa wanayajua haya bila kuhitaji maelezo yangu.

Chukua mtu aliyeweka kihema karibu na maji, akitarajia wanyama waje kunywa wakitokea bara. Saa kumi na mbili asubuhi amekaa vizuri kabisa, kwa kuwa harufu yake inaelea kwenda ziwani. Ikifika saa tatu au saa nne kunatulia, majani hayatikisiki. Baadaye kidogo anahisi ubaridi wa ziwa kwenye kisogo. Tangu dakika hiyo harufu yake inakwenda moja kwa moja kwa wanyama anaowangoja. Kihema hakijasogea hata hatua moja, lakini mahali palipokuwa pazuri pameharibika. Jioni kabla ya jua kuzama upepo bado ni wa ziwani, kwa hiyo mahali pa asubuhi si mahali pa jioni. Anayetaka kuotea jioni akae pembeni, upepo upite ubavuni, usitoke kwake kwenda kwa mnyama.

Mawe yetu nayo yana mambo yake. Karibu na miamba mikubwa ya matale upepo hauendi njia moja. Hugonga, huzunguka, na kurudi. Beba majivu laini kwenye kitambaa chepesi, ukitikise kidogo dirishani mara kwa mara, uangalie vumbi linakoelekea. Likianza kukurudia usoni au kuelekea njia ya wanyama, toka, nenda nyumbani. Kupuliza manukato ya kuficha harufu hakusaidii kitu.

"Hakuoni, kwa hiyo unaweza kupiga hata mita 40"

Upinde wa mti wenye uzito wa kuvuta wa kilo 20 hadi 25 hurusha mshale kwa kasi ya kama mita 50 kwa sekunde. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 20, mlio wa kamba unamfikia kwa sehemu 6 za mia za sekunde. Mshale unamfikia kwa sehemu 40 za mia. Swala pala akishtuka hujikunja kwanza ili aruke, yaani kifua chake kinashuka kabla hajaondoka. Mshale uliolengwa mapafuni unapita juu yake, au unamkuta mahali pabaya. Kwa mita 40 mshale unachukua karibu sekunde nzima, na hata aliyetulia anaweza kupiga hatua moja kabla haujafika. Hatua moja inatosha mshale wa kifuani kuingia tumboni.

Kwa hiyo wengi wenye uzoefu wa upinde wa mti hujiwekea mpaka wa mita 20, na ndani ya kihema hupenda chini ya hapo, mita 12 au 15. Vipande vya manyoya vilivyofungwa kwenye kamba hupunguza mlio, lakini havikuongezei umbali. Halafu kuna giza la ndani: ukiwa kivulini unatazama nje penye jua, macho hupotoka kwenye kukadiria umbali. Kabla ya kuingia tembea, hesabu hatua, weka jiwe au kijiti kinachokuonyesha mpaka wako. Mnyama aliye nyuma ya kijiti hapigwi, hata akisimama ubavu wazi.

"Upinde wowote unafaa ndani ya kihema"

Upinde mrefu wa mti una kati ya sentimita 165 na 175, na vihema vingi ndani havizidi sana kimo hicho. Umekaa kitini, upinde wima: ncha ya juu inakaribia paa, ncha ya chini inagusa udongo au mguu wa kiti. Ukiachia kamba, ncha hizo husogea mbele kwa nguvu. Ikigonga kitambaa, mshale unakwenda kombo. Ikigonga kijiti cha hema, upinde unaweza kupasuka mkononi.

Dawa yake ni kuulaza upinde upande, karibu kama mkono wa saa unaoonyesha dakika kumi, au kutumia upinde mfupi wa sentimita 150 hivi wenye ncha zilizopinda kwenda mbele. Jambo lenyewe hujifunzi siku ya kuwinda. Simamisha kihema uani, kaa kwenye kiti kilekile, piga shabaha kupitia dirisha lilelile mpaka mwili uzoee. Angalia pia kitu ambacho wengi hawakioni: jicho liko juu kuliko mshale. Jicho linaweza kuliona lengo vizuri huku mshale ukielekea kwenye kitambaa chini ya dirisha.

Habari ya wavu wa dirishani ni fupi: wenye upinde wa mti wafungue dirisha. Wavu unagusa manyoya ya mshale na kuupotosha.

"Vaa madoadoa ya jeshi"

Ndani ya kihema rangi ya madoadoa haina kazi, na sare za jeshi zina matatizo yake na vyombo vya dola. Ndani ni peusi. Anayejificha huko hufunga madirisha ya nyuma ili asionekane kama kivuli kwenye mwanga, hukaa mbali kidogo na dirisha, na huvaa giza. Mikono na uso ndivyo vinavyomtoa, kwa sababu vinang'aa na vinasogea. Swala na jamaa zake hawazioni vizuri rangi nyekundu na machungwa, ila buluu wanaiona vyema, na mtikisiko wanauona kuliko rangi yoyote.

Lakini huku kwetu mavazi meusi yana adui mwingine. Mbung'o huvutwa na nyeusi na buluu iliyokoza, na ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Magharibi ya Serengeti na upande wa Geita wapo. Mtu mwenye shati jeusi ndani ya hema jeusi atang'atwa mpaka ashindwe kutulia, achilia mbali hatari ya malale. Kahawia iliyokoza au kijani cha majani makavu kinatosha kumficha, tena bila kuwaita.

Na kihema chenyewe kifungwe imara. Upepo wa mchana ukikikamata, kitambaa kinapigapiga na hakuna mnyama atakayesogea. Penye mwamba vigingi haviingii, hivyo kamba zifungwe kwenye mawe mazito, na kitambaa kilicholegea kivutwe. Kikae hapo siku kadhaa kabla, kimeegeshewa matawi ya vichaka vya hapohapo.

"Bila sumu mshale hauui"

Sumu ya mishale ipo, na ina nguvu za kutisha. Wahadza huipata kwenye mti wa mdagadaga na mimea mingine inayosimamisha moyo. Ila kwa mwenye leseni leo sumu ni njia iliyokatazwa, sawa na mitego ya nyaya na mashimo.

Mshale usio na sumu huua kwa kukata. Kigumba (ncha ya mshale) chenye makali kikipita mapafu yote mawili, mnyama huanguka baada ya mwendo mfupi, mara nyingi ndani ya mita 150. Kigumba butu husukuma mishipa pembeni badala ya kuikata, na hilo ni kosa la mwindaji, si la upinde. Kijaribu kwenye karatasi iliyoshikwa hewani. Kikiirarua badala ya kuikata, rudi kwenye tupa.

Ukishapiga, usitoke mbio. Kaa nusu saa. Mnyama aliyejeruhiwa asiyefukuzwa hulala karibu. Akifukuzwa huenda mbali, na unampoteza. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu. Ikiwa na harufu ya majani yaliyosagwa, umepiga tumbo, na hapo subira ni ya saa nyingi, kisha umtafute mpaka umpate.

"Ndani ya kihema uko salama"

Ni kitambaa. Kando ya maji kinakuficha pia machoni pa mnyama ambaye angekukwepa kama angekuona. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kulisha na hurudi alfajiri kwa njia ileile, saa zilezile ambazo mwindaji hupenda kukaa. Njia yake inajulikana: mifereji miwili sambamba iliyochimbwa na miguu ya kushoto na ya kulia, katikati kukabaki tuta la nyasi. Usiweke kihema juu ya njia hiyo wala kati yake na maji, maana kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi ziwani hakupishi. Mamba naye huotea palepale wanyama wanapokunywa. Kaa mbali na ukingo, mlango wa kihema uelekee nchi kavu, na uwe na mwenzako anayejua mahali ulipo na saa ya kurudi.